Mdomo Wangu Utasikika Redioni

Jumatatu, 2 Machi 1998

Leo nimeanza masomo ya usafi wa kinywa. Darasa letu liko Asiatique, mtaa wa maduka, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Kuna madawati, ubao, kiti kimoja cha mgonjwa kinacholala na kuinuka, na taya la plastiki kubwa kama la ng'ombe. Mwalimu ni Madame Adélaïde. Mfupi, ana miwani, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuongoza kwaya. Amenipa koti jeupe. Nimejitazama kwenye kioo cha dirisha. Daktari kamili.

Niandike ukweli, maana humu hasomi mtu: nimekuja kwa ajili ya koti. Baba ni fundi wa magari hapa Buyenzi, alitaka nirithi spana zake. Mimi na oili ya magari hatuelewani.

Madame hakuanza na somo. Alituuliza mmoja mmoja, mbele ya wote, meno ni kitu gani kwetu na ni kazi ya nani kuyatunza. Akasema mafunzo yakiisha mwezi wa tano atatuuliza swali lile lile, kwa sababu wakubwa wanaogharamia shule wanataka kujua kama masomo yanabadilisha mawazo ya mwanafunzi au yanampita juu ya kichwa tu. Na yule atakayekuwa amebadilika kuliko wote, huyo ataisemea shule redioni.

Redioni! Sauti yangu, Buyenzi nzima!

Akili yangu ilipiga hesabu haraka. Wenzangu wote wakajitahidi kujibu vizuri. Masikini. Hasa Orlane, msichana wa dawati la mbele, mwenye kalamu za rangi. Huyo alisimama akaeleza ufizi, sukari, ukoga, chakula cha mama mjamzito, akamalizia kwa kusema kwamba watu wanaoza meno kwa uzembe wao na dawa yao ni kukemewa. Madame akaitikia kwa kichwa. Nilimwonea huruma Orlane. Siku ya kwanza tu ameshafika juu ya bati. Atapanda wapi tena?

Zamu yangu ilipofika nikajibu kwamba jino huota, huoza, hung'olewa, kwisha. Nikaongeza kwamba mswaki ni kwa ajili ya harusi. Darasa zima likacheka. Madame hakucheka. Alinitazama kwa huruma kubwa. Safi kabisa. Mimi nimeanzia shimoni, na kila hatua nitakayopiga itaonekana.

Jioni nimemwambia Baba, Mzee Aboubacar, kwamba nitazungumza redioni. Masharti sikumtajia. Kabla ya swala ya magharibi gereji yote ilikuwa na habari. Shangazi yangu Asiya, dada yake Baba, anakaanga maandazi mbele ya lango letu. Kila anayenunua andazi anapewa na hiyo habari.


Jumatano, 4 Machi

Pigo dogo. Madame ametangaza kwamba, kwa jinsi nilivyojibu juzi, mimi ndiye ninayehitaji msaada kuliko wote. Amenihamishia dawati la mbele, ubavuni mwa Orlane, ili Orlane anisaidie. Na katika mazoezi yote nitakuwa mgonjwa.

Nimelala kwenye kile kiti. Madame akanipaka dawa ya rangi nyekundu. Kazi yake ni kuonyesha ukoga: palipo safi rangi haishiki, palipo na uchafu inang'ang'ania. Wenzangu wakapanga mstari kuchungulia. Orlane alisoma kinywa changu kwa sauti kama anayesoma tangazo la serikali. Meno ya mbele, safi. Magego, mekundu. Upande wa ndani, mwekundu wote. Nilitaka kueleza kwamba upande wa ndani hauonekani mtu akicheka, kwa hiyo sijawahi kuupotezea muda. Nikakumbuka kwamba mimi ni mjinga wa kupigiwa mfano. Nikanyamaza.

Madame aliinama akayatazama meno yangu ya mbele kwa muda mrefu. 

Rangi ile haitoki kwa maji. Nimerudi nyumbani kwa miguu na kinywa chekundu. Karibu na soko mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, alinikalisha juu ya ndoo yake, akanipa maji, akaniuliza nani amenipiga. Nilipotabasamu kumtuliza akarudi nyuma. Shangazi Asiya naye aliacha kikaangio chake motoni akaanza kulia. Baba alipoelezwa kwamba ni masomo, alisema kwamba kwenye gereji yake pia, anayejifunza huchafuka kwanza. Akarudi chini ya gari.


Ijumaa, 13 Machi

Mpango wa pili. Maneno peke yake hayatoshi. Mabadiliko lazima yaonekane kwa macho. Mwezi wa tano nikifungua kinywa, wakubwa wafumbe macho kwa mwanga.

Tatizo ni dawa ya meno. Kwa sababu ya embargo, nchi jirani kutufungia biashara, madukani Asiatique hakuna. Mwenye duka mmoja alinionyesha mrija wa mwisho, umejikunja kama unaona haya, na hakutaka kuuza. Anautumia yeye na mke wake.

Lakini kichwa kipo. Shangazi husugua sufuria zake kwa majivu na mchanga mpaka mtu anajiona uso. Sufuria inapikiwa kila siku na bado inang'aa. Jino ni nini mbele ya sufuria? Nikachukua majivu, nikachekecha mchanga laini wa ziwani, nikaongeza mkaa uliopondwa na chumvi. Nimesugua kwa juma zima, asubuhi na jioni, kwa moyo wote.

Leo Orlane alikuwa na zamu ya kunifanyia mazoezi. Alinifunua mdomo, akagusa ufizi, damu ikatoka. Akaniuliza nimefanya nini. Nikasema sijui. Akatoa chembe ya mchanga kati ya meno yangu akaiweka kwenye kitambaa cheupe, tukaitazama wote wawili. Basi akaanza, kwa kunong'ona ili Madame asisikie: kwamba jino lina gamba gumu la juu, kwamba mchanga unalikwangua, kwamba gamba likishaondoka halioti tena mpaka kufa, kwamba mimi ni mtu mzima na ni aibu. Aliendelea mpaka masikio yakanichoma.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia: "We unajua vitu vingi, Orlane. Lakini unasema na mutu kama vile unafukuza mbuzi."

 Akamaliza kunisafisha bila neno lingine, taratibu, na wala hakunishitaki kwa Madame.

Unga nimeumwaga. Nusu yake tu. Mwingine Shangazi amesema atausugulia sufuria.


Jumanne, 31 Machi

Mateso ya ujinga. Hakuna aliyeniambia kwamba kujifanya hujui ni kazi ngumu kuliko kujua. Leo Madame ameuliza kwa nini mtoto anyimwe chai ya sukari wakati wa kulala. Hakuna aliyejibu sawasawa. Hata Orlane alichanganya. Mimi jibu lilikuwa limenikaa kwenye ulimi, tamu, limenyooka. Nikaliuma. Nikatazama dari. Madame akaniuliza kama ninaumwa.

Nyumbani ndiko ninakopumulia. Siwezi tena kuongea na mtu bila kumchungulia mdomoni. Mteja analalamika juu ya breki, mimi namwona ufizi umevimba. Baba amenionya kwamba nawatisha wateja.

Mchana tulipelekwa sokoni kwa mazoezi. Kila mwanafunzi aombe wafanyabiashara wamruhusu kuwatazama meno na kuwapa mashauri. Orlane alikwenda meza kwa meza na kalamu zake, akiwauliza watu mara ya mwisho kupiga mswaki ilikuwa lini. Watu walifunga midomo kama waliokamatwa. Mimi nilitaka kumaliza mapema nikae kivulini, kwa hiyo nikaenda kwa wauza mchele, tukabishana kuhusu mpira, nikawahadithia ile siku ya kinywa chekundu, nikawaonyesha magego yangu kwanza. Mzee mmoja akacheka, na alipocheka nikaona. Nikamwambia. Mwingine akataka na yeye. Mwisho nilikuwa na foleni kutoka kwenye mchele mpaka kwenye dagaa.

Orlane alisimama pembeni akitazama. Akaniuliza nimewafanya nini. Nikasema hamna kitu, ni bahati. Nikamgawia nusu ya foleni kwa sharti aniazime daftari lake la masomo. Amekubali. Hotuba yangu ya mwezi wa tano itatoka humo, maneno makubwa yote. Msichana mwerevu, lakini biashara hajui.


Jumamosi, 25 Aprili

Siku mbaya. 

Shangazi Asiya alikuwa akilalamika juu ya gego la chini tangu juzi. Alikuwa akilijaza karafuu. Leo asubuhi hakukaanga maandazi, na Buyenzi ikajua kuna jambo. Akaniita mbele ya lango. Akasema yeye hospitali haendi, huko ni foleni na sindano, na mwanafunzi wa meno yupo nyumbani kwake. Jino nilitoe mimi.

Nitakuwa mkweli. Nilifurahi. Mpango ulijipanga wenyewe. Jino moja likishang'olewa hadharani, kabla ya redio jina langu linafika mitaa ya Bwiza na Nyakabiga. Nikavaa koti jeupe. Mafundi wa Baba wakaleta koleo, wakalichemsha kwenye sufuria ya chai. Watu wakajaa: wateja wa maandazi, mafundi, majirani, wengine juu ya ukuta. Wakamkalisha Shangazi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa. Nikalishika koleo.

Nikamwambia afungue mdomo. Ukafunguka kidogo tu. Nikasema zaidi. Hakuweza. Nikaweka mkono shavuni mwake, shavu lilikuwa la moto. Uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya taya, mgumu kama ubao. Nikamwambia ameze mate. Alimeza kwa shida, machozi yakamtoka.

Hapo sauti ya Madame ikanijia kichwani kama amesimama nyuma yangu. Alituambia hivyo wiki ya tano, siku niliyokuwa natazama dari: taya limevimba chini, kuna homa, mdomo haufunguki, kumeza ni shida, basi usiguse chochote, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo, alirudia.

 Shangazi akanitazama akasema: "Massoudi, mi naamini we tu. Toa."

Nikaliweka koleo chini. "Apana, Shangazi. Hili siligusi. Twende hospitali."

Waliokuwa ukutani wakaanza kunizomea. Mmoja akasema koti langu ni la kukodi. Fundi mmoja akajitolea kung'oa yeye. Baba alitoka chini ya gari, akaniangalia usoni, akamwangalia dada yake, akamwambia fundi yule akae mbali. Akaniuliza tunampelekaje.

Hilo lilikuwa swali zuri. Gereji imejaa magari, na kwa embargo hii hakuna hata moja lenye mafuta. Shangazi hawezi kutembea. Basi tukamwingiza kwenye Toyota ya mteja, kiti cha nyuma, kama waziri, na wale wale waliokuja kutazama jino wakatiwa kazini kusukuma. Baba akashika usukani kupitia dirishani. Mimi mbele na koti langu, nikipiga kelele watu wapishe.

Kwenye bariyeri ya askari tukasimamishwa. Milio ya risasi ilikuwa inasikika mbali upande wa kaskazini, na askari alisema barabara imefungwa, hapiti mutu. Akauliza gari lina nini. Baba akamjibu kwamba mafuta halina, lina mgonjwa. Askari akasema tena hapiti mutu. Nikaanza kumweleza habari ya taya, homa, kumeza. Nilisema vibaya, kwa kubabaika, Kiswahili na Kirundi na Kifaransa mara moja. Sikuwa na mpango wowote. Ni mara yangu ya kwanza mwaka huu kukosa mpango.

Askari akalitazama koti langu. Akanivuta kando, akashusha sauti. "We ni muganga wa meno? Mi usiku silali. Angalia huku nyuma."

Nikaangalia. Gego lilikuwa na tundu, lakini bila uvimbe wala homa. Nikamuuliza anatia dawa gani. Akasema maji ya betri, alielekezwa na fundi mmoja wa Buyenzi. Baba aligeuka akatazama mlimani. Nikamwambia maji ya betri yanaunguza nyama ya kinywa, aache leo hii, asukutue maji ya chumvi, na Jumatatu aje Asiatique, ghorofani, amuulizie Madame Adélaïde. Akaniuliza kama huyo Madame ana ukali. Nikasema kidogo.

Akainua kizuizi. Akasukuma na sisi mpaka kwenye kona.

Daktari wa zamu, Docteur Valéry, alimpokea Shangazi mara moja. Alitoboa jipu, akampa sindano, akasema jino litatolewa uvimbe ukitulia. Halafu akatoka barazani. Akasema kungekucha, uvimbe ungefika kooni na pumzi ingekata, na kama jino lingeng'olewa nyumbani ingekuwa vibaya zaidi. Akauliza nani alikataza. Nikasema ni mimi. Akauliza mwalimu wangu ni nani, nikamtajia. Akasema nimsalimie.

Jina langu hakuuliza.


Jumapili, 26 Aprili

Shangazi anaweza kumeza uji. Nimelala kwenye benchi la hospitali na shingo imepinda. Alipofungua macho alinishika mkono akakaa nao muda mrefu, na mimi nikawa natazama ukuta kwa sababu macho yalikuwa yananiwasha.

Lakini hasara ni hasara. Mtaani wanasema Massoudi aliogopa jino. Mwaka mzima wa sifa umepotea kwa dakika moja. Na Toyota ya yule mteja imebonyea nyuma pale walipokuwa wanasukuma. Baba amesema nitainyoosha mwenyewe. Kwa hiyo nimerudi kwenye oili.


Ijumaa, 22 Mei

Siku ya swali. Nilikuwa nimejiandaa vizuri kuliko bibi harusi. Hotuba nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha lori, maneno yote ya daftari la Orlane, kwa kichwa.

Orlane alitangulia. Nilitegemea apande juu zaidi ya bati. Badala yake aliongea taratibu, bila kuangalia karatasi. Akasema alikuja hapa akidhani kazi yetu ni kukemea wazembe. Kwamba sokoni watu walimfungia midomo. Kwamba aliketi miezi yote hii karibu na mtu mmoja ambaye kila anayekutana naye anamfungulia mdomo mwenyewe, na akaanza kumwiga, kusikiliza kwanza, na sasa hata mama yake mzazi, ambaye hakuwahi kumkubalia, amemwonyesha meno. Akakaa.  Nikajiuliza huyo mtu ni nani.

Zamu yangu. Nikasimama, nikanyoosha koti, nikaanza. Ufizi. Sukari. Ukoga. Nilipofika kwenye chakula cha mama mjamzito, Madame akaimalizia sentensi yeye. Akasema ndivyo Orlane alivyosema siku ya kwanza, neno kwa neno. Wenzangu wakaanza kucheka. Inaonekana jibu lake lilikuwa ukurasa wa kwanza wa lile daftari.

Madame akaniambia nikae. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini niliweka koleo chini siku ile. Docteur Valéry amemsimulia. Nilitafuta jibu kubwa kwenye hotuba. Halikuwemo.

"Niliogopa, Madame," nikasema. "Niliona taya, nikakumbuka ulichosema, nikaogopa Shangazi atakufa."

Hakuna aliyecheka. Madame alivua miwani akaifuta, akaivaa.

Lakini aliyechaguliwa ni Orlane.

Nilimfuata Madame mlangoni. Nikamweleza kwa heshima kwamba hakuna aliyetoka mbali kama mimi, nilianza sijui hata mswaki ni wa nini. Akanijibu kwamba tangu ile siku ya rangi nyekundu alijua nadanganya. Mtu anayepiga mswaki kwa harusi tu hawi na meno ya mbele kama yangu. Kwa hiyo kwenye taarifa ya wakubwa ameandika kwamba mwanafunzi Massoudi hakuanzia alikosema, na hivyo umbali wake haupimiki.

Haupimiki! Nimebadilika kweli, nyama na mifupa, na siwezi kuthibitisha kwa sababu nilidanganya mwanzoni. Dunia haina haki.

Amenipa kazi nyingine. Kuanzia mwezi wa sita nitafundisha watoto wa shule ya msingi moja kule Carama. Amesema huko kunahitaji mtu ambaye watu humfungulia mdomo. Nimeitikia tu. Carama hakuna redio inayonihoji.


Jumamosi, 30 Mei

Baba sijamwambia. Nilijaribu jana, nikakuta ameshaipandisha redio juu ya boneti ya lori na kuifunga kwenye betri ya gari, maana betri ndogo hazipatikani. Ameazima mabenchi msikitini. Shangazi Asiya amerudi kazini, shavu limerudi mahali pake, pengo analionyesha kila mteja. Leo amekaanga bure kwa ajili yangu.

Nilikaa katikati yao. Baba aliniuliza, nikiwa hapa, nitasemaje kule redioni. Nikamwambia mambo ya kisasa, yanarekodiwa kabla. Akatikisa kichwa kwa mshangao wa fundi.

Mtangazaji akatangaza. Sauti ikatoka. Ya msichana.

Watu wakanigeukia. Nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka niondoke kupitia nyuma ya malori, Orlane akafika kwenye habari ya jino.

Alisema: "Kuna mwenzangu mmoja, shangazi yake alimuomba amung'oe jino mbele ya watu. Alishika koleo, akaangalia vizuri, akaliweka chini. Watu walimucheka. Yule mama yuko hai leo. Mi nilisoma vitabu vyote, lakini kazi yetu niliielewa siku niliposikia ile habari."

Shangazi aliinuka na mwiko mkononi. Akasema mama ni yeye, na mwenzake ni huyu hapa, na nani alikuwa juu ya ukuta akizomea, ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Yule fundi aliyetaka kung'oa alianza kutafuta kitu chini ya gari ambalo halikuwa na shida yoyote.

Baba alisubiri mpaka kipindi kikaisha. Akafungua nyaya za betri moja moja, akafuta mikono. Halafu akaketi kwenye kile kiti cha gari, akageuza uso kwenye mwanga, akafungua mdomo. Hajawahi. Nimeishi naye maisha yangu yote na sijawahi kuyaona magego ya baba yangu. Nilimwangalia kwa utulivu, jino kwa jino. Mawili tunaweza kuyaokoa. Nilimwambia, na kuhusu maji ya betri nikamwambia pia. Aliitikia kama mwanafunzi.

Ilikuwa jioni nzuri, nakubali. Ila "mwenzangu mmoja." Herufi nane tu, M-a-s-s-o-u-d-i, zingemgharimu nini Orlane?


Jumapili, 31 Mei

Sikulala kwa mawazo, na mawazo yamezaa.

Madame alipita leo baada ya misa kunipa maelekezo ya Carama. Kesho nahesabu ukoga kwenye meno ya watoto wote kwa ile rangi nyekundu. Kisha nawafundisha mpaka likizo, nahesabu tena. Wakubwa watakuja kulinganisha hesabu ya kwanza na ya pili. Akaongeza, kwa sauti ya kawaida, kwamba shule itakayoonyesha tofauti kubwa, mwalimu wake atahojiwa. Kwenye redio. Kwa jina.

Akanionya nisianze ujanja. Nikamwapia kwamba yale yamepita, mimi ni mtu mwingine kabisa. Na ni kweli. Safari ile kosa langu lilikuwa kusema uongo kwa mdomo, na meno yakanisaliti. Safari hii sitasema uongo hata kidogo. Meno ya watoto yenyewe yatasema, na yatasema ukweli mtupu, ilimradi hesabu ya kwanza iwe mbaya vya kutosha.

Nimetoka sasa hivi Asiatique. Lile duka lisilo na dawa ya meno lina peremende tele, zile za kunata, zinazoganda kwenye magego mpaka mchana. Nimebeba gunia zima. Mwenye duka aliona koti langu jeupe, akaniuliza ni za nini. Nikamwambia ni vifaa vya kazi.

Kesho asubuhi, kabla ya rangi, nawagawia darasa zima.